Wanamuziki wa Mississippi: maswali mnayouliza kila mara na majibu yake

Kila nikigusia Mississippi narudishiwa maswali yaleyale, Elvis aliiba au hakuiba, Robert Johnson aliuza roho au hakuuza, Tina Turner je, na kadhalika, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayahitaji zaidi, mengine nimechimba kwa sababu ndo yenyewe hasa. Na kuna majina humu ambayo karibu hakuna mtu wa kwetu anayeyajua wakati nyimbo zao anazijua, hilo ndo limenifanya nikae niandike.

Kwani Mississippi ni mto au ni jimbo?

Vyote. Mto unaanzia Minnesota kule kaskazini unashuka mpaka Ghuba ya Meksiko, na jimbo limechukua jina la mto kwa sababu mto ndo mpaka wake wa magharibi. Mji mkuu unaitwa Jackson, watu wake kama milioni 3 tu, liliingia kwenye muungano wa Marekani mwaka 1817. Kwa kipato cha mtu mmoja mmoja ni kati ya majimbo ya mkiani kabisa Marekani, miaka nenda miaka rudi. Sasa jimbo hilohilo ndo limetoa B.B. King, Muddy Waters, Elvis Presley, Sam Cooke, Howlin' Wolf, Jimmie Rodgers, Charley Pride, Bo Diddley, Leontyne Price, na bado sijamaliza.

Hiyo Delta inayotajwa kila wimbo ndo wapi?

Hapa wengi wanachanganya. Sio pale mto unapoingia baharini, hiyo iko Louisiana. Delta ya Mississippi ni lile bonde tambarare lililo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia karibu na Memphis kushuka mpaka Vicksburg, udongo mweusi wa mafuriko na pamba mpaka macho yanapoishia. Utumwa uliisha 1865 lakini watu weusi wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale kwa mtindo wa kugawana mavuno, yani bwana anakupa ardhi na nyumbu na mbegu, chakula unakopa kwenye duka lake, mwisho wa msimu mnapiga hesabu na mwenye daftari ni yeye, unavuna mwaka mzima alafu unaambiwa bado unadaiwa. Aliyewahi kulima pamba au tumbaku kwa mkopo wa pembejeo haitaji kueleweshwa hili mara mbili.

Kwa hiyo wiki nzima ni shamba, Jumamosi usiku ni kilabu, kibanda cha mbao pembeni ya shamba, pombe ya kienyeji, samaki wa kukaanga na mtu mmoja na gita anachezesha watu mpaka alfajiri, alafu Jumapili asubuhi kanisani. Watu walewale. Ukilishika hili umeshaelewa nusu ya muziki wa jimbo zima, kwa sababu wanamuziki karibu wote walikuwa wanavutwa na pande hizo mbili, na wengine iliwatesa maisha yao yote. Son House alikuwa mhubiri na mpiga bluzi (blues, huo muziki wa gita wa watu weusi wa kule), na hakuwahi kupatana na nafsi yake juu ya hilo.

Bluzi ilianzishwa na nani?

Hamna mtu mmoja. Watoto walikuwa wanachukua waya wa ufagio wanaupigilia misumari ukutani, wanatia chupa katikati kuukaza, wanaugonga kwa kidole huku wanateleza na kipande cha chuma au kioo juu yake, uzi mmoja tu. Mizizi ya hiyo kitu ni Afrika moja kwa moja, na mtu aliyezoea zeze akiisikia itamgusa. B.B. King na wengine wengi walianzia hapo kabla hawajashika gita.

W.C. Handy, mwanamuziki aliyesoma noti, mtu wa Alabama, alisimulia kwamba kama mwaka 1903 alikuwa anangoja treni kwenye stesheni ya Tutwiler, akasinzia, akaamshwa na jamaa mweusi mwenye nguo zilizochakaa anapiga gita huku anabonyeza nyuzi kwa kisu. Alisema huo ulikuwa muziki wa ajabu kuliko wote aliowahi kuusikia. Jina la yule jamaa halikuandikwa popote. Mimi hiyo hadithi kila nikiisoma inaniuma, kwamba aliyesikiliza anaitwa Baba wa Bluzi mpaka leo na aliyepiga hana jina.

Kwa wale wenye majina anza na Charley Patton. Alikulia shamba la Dockery, karibu na Cleveland (Cleveland ya Mississippi, sio ile ya Ohio), sauti imekwaruza, anapiga gita nyuma ya mgongo, katikati ya miguu, anaugonga mwili wa gita kama ngoma. Alianza kurekodi 1929 akafa 1934. Waliopita mikononi mwake au waliomfuata nyuma ni pamoja na Son House, Howlin' Wolf na Pops Staples.

Ni kweli Robert Johnson aliuza roho yake kwa shetani njia panda?

Hili ndo swali namba moja. Kwetu njia panda tunajua mambo yake, mgonjwa anaogeshwa dawa alafu vitu vinaenda kutupwa njia panda usiku, kwa hiyo hadithi hii inatuingia kirahisi kuliko inavyowaingia Wazungu. Lakini ukweli uko hivi. Johnson alizaliwa Hazlehurst mwaka 1911, alivyokuwa kijana alikuwa anawafuata akina Son House kwenye dansi, wakipumzika anachukua gita anapiga vibaya mpaka watu wanalalamika. Akapotea kwa muda. Aliporudi wote wakabaki midomo wazi. Son House mwenyewe alilisimulia hilo.

Kilichotokea katikati ni kwamba alirudi upande wa kwao kusini akampata mwalimu, Ike Zimmerman, ambaye alikuwa anamfundisha usiku makaburini kwa sababu ndo sehemu yenye utulivu, hausumbui mtu na husumbuliwi. Makaburi, usiku, gita, unaona uvumi unavyopata miguu. Na ile hadithi ya njia panda kwanza ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, Tommy Johnson, ambaye sio ndugu yake, kaka yake Tommy ndo alikuwa akiisimulia, baadae watu wakaihamishia kwa Robert. Binafsi naona kumpa shetani sifa ni kumnyang'anya kijana wa watu jasho lake, alikaa chini akajifunza mpaka akaweza.

Alirekodi mara mbili tu, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas Juni 1937, nyimbo 29 basi. Akafa Agosti 1938 karibu na Greenwood ana miaka 27, inasemekana kwa sumu kwenye pombe sababu ya mke wa mtu. Alama za kaburi lake ziko sehemu tatu tofauti. Mwaka 1961 rekodi zake zikatolewa upya kwenye sahani moja ndefu, na vijana wa Uingereza kama Keith Richards na Eric Clapton walipozisikia maisha yao yakabadilika.

Mbona Muddy Waters na wenzake wanaitwa watu wa Chicago?

Kwa sababu waliondoka. Treni ya Illinois Central ilikuwa inapita katikati ya Mississippi mpaka Chicago, na kuanzia vita ya kwanza ya dunia mpaka miaka ya 1960 watu weusi kwa mamilioni walihama kusini kukimbia ubaguzi, kunyongwa na ile hesabu ya daftari niliyosema. Mwaka 1927 mto ulivunja kingo ukafunika Delta, baadae zikaja mashine za kuvuna pamba, ndo ikawa basi.

Muddy Waters jina lake ni McKinley Morganfield, alikuwa dereva wa trekta shamba la Stovall nje ya Clarksdale. Agosti 1941 watafiti wa muziki, Alan Lomax na John Work, walienda kule na mashine ya kurekodi, wakamrekodi nyumbani kwake. Alipoisikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye mashine ndo akajua kumbe naweza. 1943 akapanda treni. Chicago kulikuwa na kelele, kwenye baa gita la kawaida halisikiki, akachukua la umeme, akaongeza ngoma, harmonika na piano, na hapo bendi ya roki unayoijua leo ikawa imeshazaliwa bila kuitwa hivyo. The Rolling Stones jina lao wamelitoa kwenye wimbo wake wa 1950.

Howlin' Wolf (Chester Burnett, karibu na West Point) alimfuata Chicago, jitu la miraba minne lenye sauti ya kutisha. Willie Dixon wa Vicksburg ndo alikuwa anawaandikia nyimbo, na huyu alipambana kudai haki yake, aliwafungulia kesi bendi ya Led Zeppelin juu ya wimbo wao mmoja mkubwa wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1987. John Lee Hooker yeye alienda Detroit, kutwa kiwandani usiku gita, mguu unagonga sakafu, kordi (chord) moja tu wimbo mzima na huchoki.

Kuna waliorudi shambani?

Mississippi John Hurt. Alirekodi 1928, sahani hazikuuza, mdororo wa uchumi ukaja, akarudi zake Avalon kulima na kuchunga ng'ombe. Miaka 35 kimya. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenda rekodi za zamani, Tom Hoskins, akasikiliza wimbo wa Hurt unaotaja Avalon kuwa ndo kwao, akatafuta ramani ya zamani akaiona, akaendesha gari mpaka pale akamkuta mzee yuko hai na vidole bado vinafanya kazi. Mwaka huohuo akapanda jukwaa la tamasha la Newport. Alipata miaka mitatu ya kupigiwa makofi kabla ya kufariki 1966. Sauti yake ni ya upole sana, kama babu anakuimbia kibarazani, mtu asiyependa bluzi ngumu mwanzishie na huyu.

B.B. King alifika Afrika kweli?

Alifika Kinshasa. Septemba 1974, lile tamasha la siku tatu lililofanyika kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman (pambano lenyewe lilisogezwa mpaka Oktoba 30 sababu Foreman alichanika juu ya jicho). Alipiga kwenye jukwaa moja na James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Hebu fikiria tu, mtoto aliyezaliwa 1925 Berclair karibu na Itta Bena, aliyechuma pamba kwa mikono, amesimama mbele ya Wakongo na wao ndo wafalme wa gita kwa upande wetu.

Na lile gita lake linaloitwa Lucille sio gita moja, ni jina la magita yake yote. Mwaka 1949 alikuwa anapiga dansi kwenye mji mdogo unaoitwa Twist, Arkansas, baridi kali, katikati ya ukumbi wameweka pipa la mafuta ya taa linawaka kupasha joto. Wanaume wawili wakagombana wakalipindua, ukumbi ukashika moto. King akatoka nje salama, akakumbuka gita lake limebaki ndani, akarudi ndani akatoka nalo, akanusurika. Kesho yake akaambiwa waligombania mwanamke anaitwa Lucille, akalipa gita jina hilo ili asirudie tena upumbavu huo. Alifariki Mei 2015 na amezikwa Indianola, mji aliouita kwao, penye makumbusho yake.

Elvis aliiba muziki wa watu weusi au hakuiba?

Nitajibu taratibu. Elvis alizaliwa Tupelo, Januari 1935, nyumba ya vyumba viwili, pacha wake alizaliwa amekufa. Walikuwa Wazungu maskini wa kweli, wakaishi jirani na mitaa ya weusi, anasikia injili kanisani na bluzi mtaani tangu mdogo, kwa hiyo kuupenda ule muziki hakujifanya. Familia ilihamia Memphis 1948. Wimbo wake wa kwanza kwenye kampuni ya rekodi ya Sun Records, Julai 1954, ulikuwa wa Arthur Crudup, mtu mweusi wa Forest, Mississippi, aliyeurekodi miaka ya 1940. Elvis alimtaja kwa jina na kumsifu hadharani.

Shida iko kwenye pesa. Crudup alitungia watu nyimbo zilizoingiza mamilioni huku yeye anafanya vibarua mashambani, mirabaha ikaishia kwa wengine, na alifariki 1974 bila kulipwa anachostahili. Sasa kumwita Elvis mwizi unaweza usipate ushahidi, ila mfumo ulimwibia Crudup mchana kweupe na Elvis alinufaika na mfumo huo. Ukicheza wimbo ule tena taja majina yote mawili, ndo ninachoomba.

Na Tina Turner?

Tina ni wa Nutbush, Tennessee. Wa Mississippi ni Ike, aliyekuwa mume wake, alizaliwa Clarksdale 1931. Mwaka 1951 Ike na bendi yake walienda Memphis kurekodi wimbo ambao wengi wanauhesabu kuwa rokenroli ya kwanza, mwimbaji akiwa Jackie Brenston, naye wa Clarksdale. Muziki wake nauheshimu, alichomfanyia Tina siwezi kukitetea hata kidogo.

Baba yangu anapenda Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton. Ni wa Mississippi?

Hapana. Reeves na Rogers ni Texas, Dolly ni Tennessee. Kwenye kantri Mississippi inakupa Charley Pride, Tammy Wynette, Conway Twitty, Faith Hill, na baba wa wote Jimmie Rodgers.

Charley Pride kanda zake zilikuwa kwenye redio ya baba yangu mdogo, na tulikua tukidhani ni Mzungu mpaka tulipoona jalada. Kumbe hata Wamarekani ilikuwa hivyohivyo, kampuni ilisambaza rekodi zake za mwanzo bila picha. Mtoto wa mkulima wa kugawana mavuno wa Sledge, kwanza alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, akaja kuwa nyota mkubwa wa kwanza mweusi wa kantri. Alifariki Desemba 2020 kwa korona.

Jimmie Rodgers ndo wa kukaa naye kidogo. Mtu wa Meridian, alikuwa mfunga breki kwenye treni, kifua kikuu kikamtoa kazini, akaanza kuimba, akarekodi kwa mara ya kwanza Bristol, Tennessee, mwaka 1927. Alichanganya bluzi alizozisikia kwa weusi waliofanya kazi relini na ile sauti ya kuvunja koo juu chini (yodeli). Mei 1933 alirekodi New York akiwa hoi, kitanda kimewekwa studio apumzike kati ya wimbo na wimbo, siku mbili baadae akafa, miaka 35.

Na hapa ndo kwetu panaingia. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis, upande wa Kericho, Kenya. Watu wakasikia ile sauti kwenye gramafoni wakashangaa huyu ni kiumbe gani, jina lake likageuka likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alienda na mashine zake Kapkatet akarekodi mabinti wa Kikipsigis wakimwimbia Chemirocha, nusu mtu nusu swala, wanamkaribisha aje acheze nao. Rodgers alikuwa ameshakufa miaka 17. Rekodi hiyo ni ya dakika moja na kitu, kinubi kinatembea chini na sauti za mabinti juu, na mimi sijasikia kitu kizuri kuliko hicho. Mwaka 2015 rekodi zilirudishwa kijijini na baadhi ya wazee waliokuwepo siku ile walikuwa bado hai wakajisikia wenyewe.

Upande wa injili wapo?

Wamejaa. Five Blind Boys of Mississippi walianzia shule ya Piney Woods karibu na Jackson. Pops Staples, aliyezaliwa karibu na Winona, aliunda The Staple Singers na watoto wake, gita lake linatetemeka kama maji na ndani yake unamsikia Patton wa Dockery. Mississippi Mass Choir ilianzishwa 1988 na Frank Williams, wanakwaya wote mnaosoma hapa isikilizeni hiyo mjue kupanga sauti.

Sam Cooke alizaliwa Clarksdale 1931, mtoto wa mchungaji, akakulia Chicago, akaimba injili na Soul Stirrers kabla ya kuhamia souli. Mwaka 1963 alifukuzwa kwenye hoteli Shreveport kwa rangi yake, na muda mfupi baadae akaandika wimbo wake wa kusema mabadiliko yatakuja. Ulitoka kama singo siku 11 baada ya yeye kuuawa, Desemba 1964.

Britney Spears ni wa huko?

Kuzaliwa ndio, McComb, 1981, kukua ni Louisiana. Brandy na Ray J nao wamezaliwa McComb wakakulia California. Na Bo Diddley, McComb. Mji mdogo sana ule.

Bendi za roki na rapa?

3 Doors Down ni wa Escatawpa, kule pwani ya kusini. Kwa rapa kuna David Banner wa Jackson, Big K.R.I.T. wa Meridian (huyu msikilizeni, anaipenda kwao kwelikweli) na Rae Sremmurd, wale ndugu wawili waliokulia Tupelo kwa Elvis, 2016 walishika namba moja Marekani.

Ni gita na kilabu tu, hakuna opera?

Leontyne Price, Laurel, 1927. Mama mkunga, baba wa kiwanda cha mbao. Januari 1961 aliimba kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera, New York, na watu walipiga makofi kama dakika 40. Tafuta sauti yake usiku ukiwa peke yako.

Kuna kijana anayeendeleza bluzi sasa hivi?

Christone Ingram, wanamwita Kingfish, mtoto wa Clarksdale wa 1999. Amejifunza gita kwenye makumbusho ya bluzi ya mji wake, na albamu yake ya 2021 ameipa jina 662, namba ya simu ya eneo la kwao, ikamletea Grammy.

Nianze na nani kama sijawahi kusikiliza kabisa?

John Hurt kwanza akulainishe, alafu Muddy Waters, alafu Staple Singers Jumapili asubuhi. Patton mwache mwishoni, rekodi zake zina mikwaruzo mingi na mara ya kwanza utasikia kelele tu, vaa hedifoni, rudia mara tatu, mguu wake utausikia unagonga sakafu.